Gitaa la Kumi na Moja

Nyumbani kwa Bi Gramu mgeni akivua koti hana pa kulitundika, maana kila msumari ukutani una gitaa lake. Sebuleni yapo manne. Kwenye ujia wa kwenda jikoni yapo matatu, nawe huna budi kupita kiubavu. Chumbani yapo mawili juu ya kabati na moja nyuma ya mlango, na hilo la nyuma ya mlango ukifungua kwa pupa hulia lenyewe. Mume wake alishaacha kupiga hodi. Husukuma mlango tu, gitaa likamtangulia kusema kwamba amefika.

Jina la Bi Gramu alipewa sokoni. Ni mkaguzi wa mizani, na mwaka huu unatimia wa ishirini na mbili tangu aanze kupita duka kwa duka na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya ofisi, kuanzia jiwe la gramu hamsini hadi la kilo mbili, kila moja likilala katika shimo lake lililotandikwa kitambaa cha kijani. Huyashika kwa glavu nyeupe, kwa sababu hata jasho la kidole lina uzito wake. Huweka jiwe juu ya mizani ya mwenye duka, akasoma, akaandika kwenye daftari, akabandika stika ya kijani au nyekundu, akaaga. Soda hanywi. Hata pipi hapokei. Muuza nyama mmoja aliwahi kusema kwamba mama huyu akikuta gramu moja ya mtu imenasa kwenye kiatu chake, atarudi mtaa mzima kuirudisha. Tangu siku hiyo likawa ndilo jina lake, mpaka ofisini.

Sasa mtu kama huyo, anayepima kila kitu, alikuwa na jambo moja lisilo na kipimo. Gitaa la kwanza alilinunua kabla hajaolewa, katika duka la vitu vikuukuu lililo mkabala na posta. Lilikuwa na ufa tumboni, na ufa ule ndio uliomvuta. Hawezi kuona kitu kimepinda akapita. Alilitia gundi, akalitia nyuzi mpya, akazikaza mpaka kila sauti ikasimama mahali pake. Akajifunza nyimbo tatu, akalitundika. Baada ya mwezi mikono ikaanza kumwasha.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu uleule. Siku ya kwanza hulitazama gitaa kutoka ng'ambo ya barabara. Siku ya pili huvuka, aulize bei, kwa kujua tu. Siku ya tatu huomba kulishika. Siku ya nne hujikuta yuko nyumbani nalo, na ukimuuliza alivyofika hawezi kukueleza vizuri. Moja lilipinda shingo, jingine liliunguzwa na pasi, jingine lilikuwa limekosa funguo mbili za kukazia nyuzi. Yote aliyatengeneza. Yote aliyapigia nyimbo zake tatu, zilezile, mara moja au mbili, kisha yakaenda msumarini.

Mume wake ni mwandishi wa mabango ya maduka, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Hakuwahi kumgombeza. Alichofanya ni kutafuta bati la biskuti, na kila gitaa jipya lilipoingia alimpa mkewe kipande cha karatasi aandike, "Hili ndilo la mwisho," atie sahihi na tarehe. Karatasi zilikuwa zimefika saba. Mwaka uliopita alichora kibao kidogo kwa rangi nyekundu, akakipigilia juu ya mlango wa mbele: TUMEJAA.

Jumamosi moja Bi Gramu alipita chini ya kibao hicho amebeba gitaa la kumi na moja. Lilikuwa dogo, la rangi ya matofali, na daraja lake, yaani ule ubao mwembamba unaoshikilia nyuzi tumboni, lilikuwa limenyanyuka upande mmoja kama ukucha uliong'oka.

Mume alilitazama, akaenda kuchukua bati.

"Mama watoto, tumia kalamu ya wino," alisema. "Zile za penseli zimeanza kufutika."

Aliandika, akatia sahihi, wote wawili wakacheka. Lakini moyoni alikuwa na haya kidogo, maana alijua kwamba hata alipokuwa akiandika alishaanza kuwaza gundi.

Jumapili mchana akaanza kazi. Alikwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akalaza daraja mahali pake. Palikuwa na taabu moja: lazima kitu kizito kilikandamize hadi asubuhi, na jiriwa zake mbili za kubania mbao zilikuwa na midomo mifupi, hazifiki katikati ya tumbo la gitaa. Alijaribu chupa ya maji, ikayumba. Alijaribu pasi, ikaelemea upande mmoja. Ndipo macho yake yakaangukia sanduku la ofisi pembeni ya kiti. Siku zote hulala nalo wikendi, kwa kuwa Jumatatu huanzia madukani moja kwa moja. Ndani yake mlikuwa na jiwe la kilo mbili, pana chini, lisilozidi wala kupungua, lisiloyumba. Aliwaza kwamba hata watengenezaji magitaa hawana kikandamizio safi kama hicho. Akaweka kijiti cha mbao juu ya daraja ili jiwe lisiikwaruze rangi, akalishusha jiwe taratibu, kwa glavu.

Asubuhi alilinyanyua. Daraja lilikuwa limelala sawasawa kama lililozaliwa pale. Alilipapasa kwa kidole, akatabasamu peke yake, na huku bado analitazama akalirudisha jiwe kwenye shimo lake bila kuligeuza. Kila Jumatatu huyafuta mawe yake juu na chini kwa kitambaa kikavu. Jumatatu hiyo aliyafuta juu tu, akatoka mbio.

Duka la kwanza lilikuwa la Mama Nafaka, anayeuza maharage, mchele, unga na choroko katika barabara ileile kwa miaka kumi na tisa. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na mizani yake aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa cheupe kabla hajafuta hata kaunta. Hajawahi kubandikwa stika nyekundu. Walipokutana kila mwaka walisalimiana, kazi ikafanyika, wakaagana. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa kutopoteza maneno.

Wateja watatu walikuwa wamesimama. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, ameshika mfuko wazi akingoja maharage yake. Bi Gramu aliweka jiwe la nusu kilo. Mizani ikasoma nusu kilo. Akaweka la kilo moja. Ikasoma kilo moja. Akaweka la kilo mbili, na mizani ikasoma kilo mbili na gramu kumi.

Alilitoa, akalirudisha. Gramu kumi zilikuwa palepale. Akajaribu mara ya tatu.

Mizani iliyochoka hukosea kidogo kidogo toka mwanzo, na kosa huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka. Bi Gramu alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Mizani inayosema kweli kwa kilo moja kisha ikaongeza gramu kumi kwenye kilo mbili haikuchoka. Kuna mkono uliopita ndani yake. Alikuwa amezikamata za namna hiyo mara nne maishani mwake, na mara zote wenye duka walikuwa watu wa kuchekacheka. Alimtazama Mama Nafaka, ambaye hakuwa anacheka hata kidogo, na mazoea ya kazi yakamshinda nguvu.

"Imechezewa," alisema. Hakupaza sauti, lakini duka lilikuwa dogo.

Mama Nafaka aliweka chini kile kitambaa cheupe. "Bi Gramu. Mimi?"

Bi Gramu alivua glavu. Alibandika stika nyekundu, akaandika daftarini. Mwalimu mstaafu aliukunja mfuko wake mtupu mara mbili, akauweka kwapani, akatoka bila kuaga. Wale wawili wengine wakamfuata.

Duka la pili lilikuwa la muuza misumari na vifaa vya ujenzi, mtaa wa pili. Nusu kilo, sawa. Kilo moja, sawa. Kilo mbili na gramu kumi.

Hapo akaanza kupiga hesabu upya. Kwamba watu wawili wasiojuana wachezee mizani mbili za aina mbili, na kila mmoja aibe gramu kumi kamili, kwenye kilo mbili tu? Aliomba kigoda, akaketi, akaligeuza jiwe. Chini yake pana ubonyeo mdogo kama sahani, na ndani ya ubonyeo huo kilikuwa kimelala kile kijiti cha mbao, kimeganda kwa gundi iliyofurika pembeni na kukauka ikawa ya njano.

"Kuna tatizo?" aliuliza muuza misumari.

"Lipo," alisema Bi Gramu. "Si lako."

Alitoka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, sanduku miguuni. Kisu kidogo alikuwa nacho. Dakika mbili zingetosha kukwangua kila kitu, jiwe likawa safi kama jana. Kesho angerudi kwa Mama Nafaka, apime tena, aseme mizani imejirekebisha, au alisoma vibaya kwa sababu ya mwanga, abandike stika ya kijani, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Angebaki na kazi yake na jina lake. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukumbuka. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Ni ule mfuko mtupu wa mwalimu, jinsi ulivyokunjwa mara mbili. Stika ya kijani isingeukunjua.

Akafunga sanduku bila kukwangua kitu, akashika njia ya ofisini.

Mkuu wa ofisi alikuwa mzee mpole mwenye mihuri saba mezani, ndiyo sababu vijana walimwita Mzee Muhuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaligeuza jiwe kwenye mwanga wa dirisha, akakigusa kijiti kwa ncha ya kalamu. Akauliza kama ni kweli kwamba jiwe la serikali lilikandamiza gitaa. Akajibiwa ni kweli. Akauliza ni gitaa la ngapi. Bi Gramu akamwambia.

Mzee Muhuri alivua miwani. Alimweleza kwamba barua ya onyo itaingia kwenye jalada lake, na haiwezi kukwepeka. Sanduku halitalala tena nyumbani kwake. Stika nyekundu itabanduliwa leo hii kwa sahihi yake yeye mkuu. Kisha akamwomba aandike maelezo kamili, asiruke kitu. "Na hiyo gundi," aliongeza kwa sauti ya chini, "andika jina lake pembeni. Nina kiti nyumbani kimenishinda."

Ilikuwa saa tisa aliporudi kwa Mama Nafaka na jiwe jingine la ofisi. Dukani hapakuwa na mteja. Alipima, mizani ikasoma kilo mbili kamili. Akabandua nyekundu, akaweka ya kijani, akaeleza kila kitu kuanzia daraja lililonyanyuka. Kisha akasema samahani.

Mama Nafaka alimsikiliza akiwa amejiegemeza kwenye gunia la choroko.

"Stika umeibandua, dada," alisema. "Na lile neno? Ulilisema mbele ya watu watatu. Saa hizi wameshakuwa thelathini."

"Nifanye nini?"

"Jumamosi hufungua saa moja. Uje usimame hapa, pembeni ya mizani, na kila atakayeingia umwambie mwenyewe. Mimi sitasema kitu. Nimekaa miaka kumi na tisa bila kujieleza, sianzi leo." Kisha akaongeza, "Na hilo gitaa ulilete. Nataka nikione kitu kilichonitia najisi."

Siku nne hizo Bi Gramu alikula kama ndege. Jioni ya Alhamisi alilitia gitaa dogo nyuzi, kwa sababu asingeweza kulipeleka likiwa uchi. Mumewe hakumwuliza mengi. Alikuwa nje barazani na makopo yake ya rangi, akifanya kazi ya mtu, ndivyo alivyosema.

Jumamosi saa moja kasoro, Bi Gramu alikuwa mlangoni pa duka. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyetaka unga. Maneno yalimkwama, ikabidi ayaanze mara mbili: kwamba mizani hii ni nzima, kwamba Jumatatu alisema imechezewa, kwamba kosa lilikuwa la jiwe lake yeye. Mama wa unga hata hakuwa na habari. Akashukuru, akachukua unga wake. Wa pili alikuwa nayo. Ni muuza nyama yuleyule aliyempa jina.

"Kumbe na wewe unapinda?" alisema, amefurahi kama mtu aliyeokota kitu. "Bi Gramu Kumi."

"Kumi kamili," alijibu Bi Gramu. "Sipunguzi."

Muuza nyama akacheka mpaka akakohoa, na Mama Nafaka akageukia rafu upesi kupanga kitu kilichokwisha kupangwa.

Saa tatu mumewe akafika. Mkono mmoja alibeba gitaa, na kwapa la pili lilishika ubao uliofungwa gazeti. Hakusalimia kwa kirefu. Alifungua gazeti, akauegemeza ubao kwenye kaunta, nje, upande wa barabara. Herufi zilikuwa za bluu, zimenyooka, zenye kivuli cheupe, kazi yake bora kabisa: MIZANI HII NI NZIMA. KOSA NI LA MKAGUZI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika: Mkaguzi ni mke wangu.

Mama Nafaka alitoka nje akausoma. Akaurudia. "Nani amekuagiza?"

"Hakuna, shemeji. Nilikuwa na rangi imebaki."

Ndipo Mama Nafaka alipoomba kuliona gitaa. Aliligeuzageuza kama anavyogeuza tikiti, akaligonga tumboni kwa kiungo cha kidole, kisha, kabla mtu hajasema kitu, akaliweka juu ya mizani. Kilo moja na gramu mia sita na themanini. Wote watatu wakaitazama tarakimu, na Mama Nafaka ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kilichokuwa kimekaa kabatini muda mrefu.

"Ukubwa wenyewe ndio huu?" alisema. "Haya. Basi lipige, tujue tumeumia kwa ajili ya nini."

Bi Gramu alianza kusema kwamba yeye si mpigaji, yeye hununua tu. Alijisikia akilisema hilo, na halikusikika vizuri hata masikioni mwake. Akaketi juu ya gunia. Miaka yote hiyo hakuwahi kumpigia mtu. Kila mara alipokaribia kuujua wimbo wa nne, dukani lilitokea gitaa jingine lenye ufa. Uzi wa tatu ukakwaruza. Akarudia toka mwanzo. Mara ya pili daraja jipya likaitikia, sauti ikatoka nene na safi kutoka kwenye tumbo lile dogo, ikajaza duka.

Watu wakapunguza mwendo mlangoni. Wengine walisoma ubao, wakauliza, naye aliacha kupiga, akasema maneno yake, akaendelea. Alipofika wimbo wa tatu maneno yalikuwa hayakwami tena.

Karibu na saa tano mwalimu mstaafu akatokea ng'ambo ya barabara. Alisimama pale akausoma ubao kwa utulivu wa mtu anayesahihisha daftari. Bi Gramu aliona, akasimama, gitaa mkononi. Mwalimu akavuka.

"Mwalimu," alisema Bi Gramu, "Jumatatu nilimsingizia mwenye duka. Mizani yake haijawahi kuguswa. Ni jiwe langu lililokuwa limebeba kijiti."

"Chenye gramu kumi."

"Kumi."

"Na ulikagua la kilo moja, likawa sawa."

"Likawa sawa."

"Basi hesabu yako ilikuwa sahihi," alisema. "Ulikosea mahali pa kuanzia tu. Wanafunzi wangu wengi walianguka hapohapo." Akachomoa mfuko kwapani, uleule, akaukunjua mara mbili, akamgeukia mwenye duka. "Mama Nafaka, nipe maharage kilo mbili. Na uniwie radhi."

Mama Nafaka alimimina taratibu, koleo la mwisho akilitikisa punje kwa punje. Kilo mbili kamili. Kisha akaongeza kiganja juu, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na tisa, akafunga mfuko.

Saa saba alimwambia Bi Gramu aende nyumbani, imetosha. Bi Gramu akashika gitaa, lakini Mama Nafaka akaonyesha msumari mtupu juu ya rafu ya mchele. Alisema Jumamosi ni siku ndefu, na wateja leo walikaa zaidi ya kawaida. Bi Gramu akalitundika.

Jumatatu Bi Gramu alikwenda kwa Mzee Muhuri kuomba kwamba barabara ile ikaguliwe na mwenzake, maana yeye sasa ana rafiki pale na haifai. Mzee Muhuri akagonga muhuri. Kiti chake, alisema, kimeshika.

Hivi sasa gitaa la kumi na moja linakaa dukani, la kwanza kuwahi kutoka chini ya kile kibao cha TUMEJAA. Kila Jumamosi Bi Gramu huketi juu ya gunia kwa muda wa saa mbili hivi. Wimbo wa nne ameshaujua, Mama Nafaka ndiye aliyemfundisha maneno yake, huku akipima choroko. Na katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake mwenyewe ameandika mistari miwili, mmoja chini ya mwingine: Magitaa, kumi na moja. Nyimbo, nne. Ameamua pande mbili hizo zilingane kwanza. Mumewe alipoona ukurasa huo, bati la biskuti likarudi jikoni na kutiwa biskuti.

Mikono haijaacha kuwasha. Wiki iliyopita alipita mbele ya posta, na ng'ambo ya barabara, dirishani, lilining'inia gitaa jeusi lisilo na uzi hata mmoja, shingo imepinda kidogo kulia. Akasimama. Akavuka. Mwenye duka, anayemfahamu tangu usichana, alikuwa ameshapanda ngazi.

"Nikushushie?"

Bi Gramu aliitazama ile shingo kwa muda, akaipima kwa jicho.

"Liache hapohapo," alisema. "Bado nyimbo saba."

Mwenye duka akabaki juu ya ngazi, hajaelewa kitu, akimwangalia anavyokwenda zake, vidole vikicheza hewani.